Picha ya mashua za mferejini kwenye ukuta wa sebule: ipi uchague na uibandikeje

Msomaji wetu mmoja anayeishi Birmingham, Uingereza, anauliza: "Tumehamia nyumba ya zamani ya matofali, si mbali na mfereji. Ukuta mmoja wa sebule una upana wa mita 4.2 na kimo cha mita 2.5, na sofa letu limeegemea hapo. Nataka ukuta mzima uwe picha ya zile mashua ndefu za mferejini. Nichague picha ya namna gani, ichapishwe juu ya nini, na ibandikweje isije ikabanduka? Halafu kuna mlango wa chumba cha watoto: naweza kuupaka yale maua yanayoonekana kwenye mashua?"

Dada, kabla hujafikiria gundi, fikiria umbo. Mashua za mizigo za mifereji ya Uingereza ya kati zilijengwa na upana wa takribani futi 7, yaani mita 2.1, na urefu unaofika futi 70 na ushei, zaidi ya mita 21. Zilitoka hivyo kwa sababu vile vyumba vya maji vyenye malango, vinavyopandisha na kushusha mashua, vilijengwa vyembamba tangu siku za mhandisi James Brindley katika karne ya 18, na chombo kipana zaidi hakipiti. Sasa chukua picha ya mashua hiyo iliyopigwa ubavuni, omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, uijaze kwenye ukuta wa mita 4.2. Itasinyaa mara tano. Kibanda chake, chenye kimo cha kama mita moja na nusu juu ya maji, kitabaki na sentimita 30. Sentimita 220 zilizobaki zote ni mbingu, miti na maji. Ndiyo maana picha nyingi zinazovutia kwenye simu zikifika ukutani zinakuwa utepe mwembamba katikati ya utupu.

Kwa hiyo tafuta picha iliyopigwa kwa mshazari kutoka omo: mpigaji amesimama kwenye njia ya kando ya mfereji, omo iko karibu na imejaa, ubavu unakimbilia mbali, na nyuma kuna daraja la kufunga macho. Hapo mashua moja inaweza kuchukua nusu ya ukuta kwa kimo, na urefu wake unageuka kina cha chumba.

Sofa nalo ni kesi. Mgongo wa sofa la kawaida una kimo cha sentimita 80 hadi 90. Jicho la mtu aliyekaa liko kwenye mita 1.1 au 1.2 kutoka sakafuni, na picha ya mandhari hutulia macho pale upeo wake, yaani mstari ambapo mbingu hukutana na ardhi, unapokaribia kimo hicho. Sebuleni weka upeo kwenye mita 1.2 hadi 1.3. Sasa piga hesabu: kati ya mgongo wa sofa na upeo umebakiwa na sentimita 40 hivi, na mashua iliyo karibu, pamoja na maji yake yote, imeangukia nyuma ya mito. Utaona paa la kibanda na bomba la moshi likichomoza juu ya vichwa vya wageni. Ushauri wetu ni kulihamisha sofa liutazame ukuta huo, na chini ya picha uweke kabati fupi lisilozidi sentimita 45, au usiweke kitu. Kama sofa haliwezi kuhama, chukua picha iliyopigwa kutoka juu ya daraja. Hapo upeo uko juu, maji yanajaza sehemu ya chini, na mashua zinakaa katikati ya ukuta ambako zitaonekana. Chumba kinapoteza kidogo ile hali ya kusimama ukingoni, lakini angalau chombo ulichokilipia hakijifichi.

Angalia pia unachouziwa. Wauza picha hubandika jina moja kwa kila kinachoelea mferejini. Chombo chenye mabawa mawili makubwa ya mbao yaliyoning'inizwa ubavuni ni tishari la Uholanzi. Lenye matanga ya rangi ya kutu ni tishari la mto Thames. Tishari refu la chuma la Ufaransa, lenye mita 38.5 kwa 5.05, limefuata kipimo kilichowekwa kisheria mwaka 1879. Hata huko huko Uingereza, kwenye mfereji wa Leeds na Liverpool malango ni mapana maradufu, na mashua zake za mizigo ni pana na fupi kuliko za kwenu. Si kosa kuzipenda. Ila mgeni mzaliwa wa Birmingham atalitambua tishari la Kiholanzi kabla hajakaa kitini.

Ukitaka ya mtaa wako, tafuta Gas Street Basin, bwawa la kuegesha mashua hapo Birmingham, ambako mfereji wa Birmingham na ule wa Worcester vilitenganishwa na ukuta hadi mwaka 1815, mizigo ikihamishwa kwa mikono kutoka mashua hadi mashua. Au tafuta madaraja ya chuma cha kusubu yaliyotoka kiwanda cha Horseley. Rangi za huko ni rahisi kuishi nazo: matofali mekundu, kingo za matofali ya buluu ya Staffordshire ambayo kwa kweli ni kijivu kilichokolea, chuma cheusi, na ncha nyeupe za magogo ya kusukumia malango. Chagua moja kati ya hizo kwa kuta nyingine tatu. Kijivu cha matofali, kikipunguzwa makali, kinafaa zaidi. Kijani na nyekundu za mashua ziachie vitu vidogo, kama mto wa kochi au taa. Ukipaka ukuta mzima kijani ya mashua, picha inamezwa.

Mwanga wa ndani ya picha nao una upande. Kama dirisha lako liko kushoto na vivuli vya pichani vimelalia kushoto, jicho litagundua kuna kitu hakiko sawa bila kujua ni nini. Picha ya siku ya mawingu, isiyo na vivuli vikali, inaondoa shida hiyo. Usikubali pia duka likugeuzie picha kama kwenye kioo ili omo ielekee mlangoni. Majina na namba za mashua zimeandikwa kwa herufi kubwa ubavuni na zitasomeka kinyumenyume. Tena huko vyombo hukaa upande wa kulia wa mfereji, kwa hiyo picha iliyogeuzwa itavionyesha vikipishana upande usio wao.

Twende kwenye ukubwa wa faili, mahali pesa nyingi zinapopotea. Agiza picha kubwa kuliko ukuta kwa sentimita 5 kila upande, maana nyumba za zamani hazina pembe mraba. Upana unakuwa mita 4.3, sawa na inchi 169. Wachapaji hupenda pikseli 100 kwa inchi, yaani faili lenye upana wa pikseli 16,900. Kwa mtu anayetazama kutoka mita mbili, pikseli 60 kwa inchi zinatosha, kama 10,150 kwa upana. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina upana wa 4,032. Ukiitandaza hapo unapata pikseli 24 kwa inchi, na kamba za mashua zitakuwa ngazi za vijisanduku.

Ile njia ya simu ya kupiga picha pana kwa kuizungusha inaongeza pikseli, lakini inaupinda ukingo wa mfereji kama upinde, na ukingo ulionyooka ndio uti wa picha yenyewe. Afadhali kamera ya megapikseli 24 juu ya miguu mitatu. Isimamishe wima, piga picha nne, kila moja iingie ndani ya jirani yake kwa theluthi, kisha ziunganishwe kwenye kompyuta. Unapata kama pikseli 12,000 kwa 6,000, na ukikata kulingana na ukuta wako unabaki karibu na zile 60 kwa inchi. Mashua iwe imefungwa, isiwe inatembea, na upepo uwe umetulia. Mawimbi madogo hayaungani. Programu za kukuza picha zinasaidia kwa miti na mbingu, lakini huvuruga maandishi, kamba na mistari ya matofali. Ukizitumia, kagua sehemu hizo tatu kwa ukubwa kamili kabla ya kulipa.

Picha ya mtu mwingine ina mwenyewe. Nchini Uingereza hakimiliki ya picha hudumu miaka 70 baada ya kifo cha aliyeipiga, kwa hiyo "ni ya zamani" si ruhusa. Taasisi ya Canal & River Trust, inayotunza mifereji ya England na Wales tangu 2012, ina hifadhi ya nyaraka na picha kwenye makumbusho yake ya Ellesmere Port. Omba leseni ya kuchapa. Usipotaka fotografia, kuna michoro ya John Constable, mchoraji wa Kiingereza aliyefariki 1837. Flatford Mill yake ya 1816–17, iliyoko jumba la sanaa la Tate, inaonyesha matishari ya mto Stour na farasi wa kuyavuta, na Boat-building near Flatford Mill ya 1815, iliyoko Victoria and Albert Museum, ina tishari likiundwa gudini. Ila Flatford Mill ina uwiano wa 5 kwa 4. Ukuta wako ukiikata utapoteza karibu robo ya kimo chake. Ikatwe juu, kwenye mawingu; ukikata chini unaondoka na farasi.

Kuhusu kitu cha kuchapia, kuna karatasi ya kawaida, karatasi ya nyuzi isiyofumwa, na plastiki ya kujigandisha. Chukua ya nyuzi, uzito wa gramu 150 hadi 180 kwa mita ya mraba, isiyong'aa. Karatasi ya kawaida ikilowa gundi inavimba, na kipande cha upana wa nusu mita kinaweza kuongezeka milimita kadhaa. Ukikiacha kimoja kilowe dakika tano na kingine nane, urefu wake hautalingana, na ukingo wa mfereji utakuwa na ngazi kila kiungo. Ya nyuzi haivimbi, na gundi hupakwa ukutani, si kwenye karatasi. Ile ya plastiki inavutia kwa wapangaji kwa vile hubanduliwa, lakini juu ya lipu ya chokaa ya nyumba ya zamani inafungia unyevu ndani, na siku ya kuibandua huondoka na rangi. Yenye kung'aa nayo inarudisha dirisha zima katikati ya maji yako.

Omba sampuli ya ukubwa wa A4 iliyochapwa kutoka kwenye picha yako halisi, hasa kipande chenye maji. Ibandike ukutani kwa gundi ya utepe, iangalie asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ikiwaka. Maji ya mfereji ni kijani iliyochanganyika na kahawia, na chini ya taa ya njano yanaweza kugeuka rangi ya chai. Mwambie mchapaji mapema.

Kabla ya kuagiza, ujue ukuta ni upi. Nyumba nyingi za huko za enzi ya Malkia Victoria zina kuta za nje za tofali nene bila nafasi ya hewa katikati, na wakati wa baridi ukuta wa nje hutoa jasho. Ukuta bora kwa picha ni ule mnaochangia na jirani. Kama ni wa nje, funga karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50 kwa utepe pande zote, uiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa: fungua madirisha, weka feni ya kutoa mvuke jikoni. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe una maji, na hakuna gundi itakayokuokoa mpaka mfereji wa paa au lipu irekebishwe.

Tahadhari mbili za afya. Nyumba iliyopakwa kabla ya miaka ya 1960 inaweza kuwa na tabaka za rangi yenye risasi, kwa hiyo usiipige msasa mkavu. Tumia msasa wa maji na uwaondoe watoto. Na ule upako wenye mapambo ya mawimbi au vinundu kwenye kuta na dari unaweza kuwa na asbesto, iliyopigwa marufuku kabisa huko mwaka 1999. Usiukwangue kabla sampuli haijapimwa. Kama nyumba ni ya kupanga, ruhusa ya mwenye nyumba iwe kwa maandishi.

Ondoa karatasi ya zamani yote. Jaza mashimo kwa puti, piga msasa wa namba 120, futa vumbi, kisha mulika tochi ikiwa imelala ukutani. Kila kinundu unachokiona sasa kitaonekana juu ya mbingu yako, maana mbingu ni tupu na haifichi kitu. Lipu mpya isubiri wiki nne hadi sita, ipakwe rangi ya maji iliyozimuliwa, ndipo ifuate praima (rangi ya kutangulia) ya karatasi za ukutani. Praima iwe nyeupe na ya rangi moja ukuta mzima; karatasi ya nyuzi huonyesha rangi nzito iliyo nyuma yake, na kiraka cha puti juu ya ukuta mwekundu kitaonekana kama wingu lisilokuwepo pichani. Kuruka praima ndiyo sababu kubwa ya viungo kufunguka: lipu kavu inanyonya maji ya gundi kabla haijashika.

Picha itakuja katika vipande, tuseme tisa vya nusu mita. Ukipokea mchoro wa mgawanyo, angalia viungo vinapita wapi. Kiungo kikikata herufi za jina la mashua, mwombe mchapaji asogeze mwanzo kwa sentimita 10 au 15. Hakikisha vyote vimechapwa kwa mkupuo mmoja. Kipande kimoja kikiharibika na kuagizwa tena baada ya mwezi, rangi haitalingana.

Sasa kubandika. Vilaze vyote sakafuni kwa mpangilio na uvihesabu. Usipime kutoka darini. Dari ya nyumba hiyo huenda imeshuka sentimita mbili kutoka kona hadi kona. Kwenye picha ya msitu hakuna atakayejua, lakini maji hayasamehi: mfereji ukiinama, kila anayeingia ataona. Chagua mstari ulionyooka ndani ya picha, aghalabu ule ambao ukingo wa mbali unakutana na maji, upime uko sentimita ngapi kutoka chini ya kipande, halafu kwa pimamaji au leza chora mstari huo ukutani, mita 4.2 nzima, kwa penseli nyepesi. Kalamu ya wino itapenya. Hitilafu zote za dari na sakafu zikatwe juu kwenye mbingu na chini kwenye skating, ule ubao wa chini ya ukuta. Ikiwa sakafu nayo inainama, ukingo bado uwe sawa na pimamaji.

Timazi, yaani uzi wenye uzito unaoonyesha wima, ndiyo inayoanzisha kipande cha kwanza, si kona. Zima redieta, kile kipasha joto cha ukutani, chumba kiwe nyuzi 15 hadi 20. Paka gundi nzito ya karatasi za ukutani kwa rola, sentimita 10 zaidi ya upana wa kipande. Kwa ukuta wenu wa mita za mraba 10.5 utahitaji kama kilo 2 hadi 2.5 za gundi iliyo tayari. Kingo za ukuta na mahali pa kiungo rudia kwa brashi, kwa sababu rola huacha hapo pakiwa pakavu. Tundika kipande, lenganisha mstari wa maji, kisha sukuma hewa kwa spatula ya plastiki kutoka katikati kwenda nje. Kipande cha pili kigusane na cha kwanza bila kupandana na bila kuvutwa. Ukikivuta ili kifike, kikikauka kitarudi na kuacha ufa mweupe. Gundi iliyotokeza ifutwe hapo hapo kwa sifongo yenye unyevu. Ikikauka hung'aa, na usiku chini ya taa utahesabu viungo vyote. Kila baada ya vipande viwili rudisha timazi. Kukatia juu na chini badilisha wembe kila kipande, kwa maana wembe butu unachana nyuzi badala ya kukata.

Kwenye swichi na soketi, zima umeme kwenye kisanduku kikuu, legeza kifuniko, kata alama ya msalaba, na uache milimita 3 tu ziingie chini yake.

Kwa siku moja au mbili usiwashe redieta na usifungue dirisha upepo ukaingia. Malengelenge madogo mara nyingi hujivuta yenyewe. Likibaki baada ya siku mbili, lichome kwa sindano, ingiza gundi kwa bomba la sindano, na ulilaze. Kiungo kilichonyanyuka huinuliwa taratibu, hupakwa gundi ya maungio kwa brashi nyembamba, kisha hubanwa kwa kirola cha mbao. Kikirudi mahali pale pale mara ya pili, rudi kwenye jaribio la nailoni.

Mlango wa watoto ndio sehemu ya kufurahia. Maua hayo ni ya mtindo uitwao waridi na kasri, ambao ulikuwa umeshaandikwa magazetini mwaka 1858, wakati familia za mabaharia wa mfereji zilipoishi kwenye vibanda vidogo nyuma ya mizigo. Zile mashua za makaa za safari fupi za Birmingham, nyingi zisizo na kibanda cha kulala, hazikupambwa hivyo, lakini mlango hautajali. Asili yake ni rangi ya mafuta inayong'aa. Kwa chumba cha watoto tumia akriliki ya maji, na uongeze dawa ya kuchelewesha kukauka ili mkupuo wa brashi uteleze.

Piga msasa mlango, paka kijani ya giza au nyeusi, uache ukauke usiku kucha. Anza na majani: mkupuo mmoja wa kijani ya kati kwa kila jani. Kisha weka miduara ya ukubwa wa sarafu, rangi nzito: hudhurungi-nyekundu kwa waridi jekundu, chungwa iliyoungua kwa la njano, pinki kwa jeupe. Subiri hadi kesho. Petali hupakwa juu ya mduara kwa rangi angavu zaidi, brashi laini ya duara namba 4 au 6 ikiwa imejaa: gandamiza, zungusha, inua, mkia ufe wenyewe. Petali tano au sita zinatosha, na usirudie mkupuo. Ukirudia unapata tope. Malizia na mishipa ya majani kwa njano nyembamba. Jizoeze kwanza juu ya trei ya zamani hadi mkono ukubali.

Vanishi iwe ya maji, mikono miwili. Ile ya mafuta hugeuka njano, na waridi jeupe ndilo litakaloonyesha kwanza.